Nunua Pikipiki Anayoijua Fundi wa Matamba

Barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya haina ugomvi na mtu. Ni lami mwanzo mwisho, zaidi ya kilomita 300, na pikipiki yoyote inayowaka itakufikisha, mradi uwaachie njia madereva wa malori ya Tunduma. Ugomvi huanza ukiacha lami: Chimala kupanda Matamba, Isyonje kuingia Kikondo, Mafinga kuzama kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, Makongolosi kulikabili pori la kwenda Rungwa. Huko ndiko wanakoshinda bwana shamba, mwinjilisti, mnunuzi wa viazi na mfanyabiashara wa mbao, na siku hizi hata kijana wa mjini anayetaka tu kuiona nchi yake. Vidokezo hivi ni vyao. Anayetaka pikipiki ya kupigia picha asome ukurasa mwingine.

1. Anza na njia, duka baadaye

Kabla hujakanyaga duka lolote la Mwanjelwa, mjini Mbeya, chukua karatasi uandike kila mahali utakapopita, utakapokula na utakapolala, mpaka kijiji cha mwisho kabisa. Kisha ujiulize swali moja: fundi wa kile kijiji cha mwisho anafungua injini gani kila siku? Yeye ndiye mwenye kura ya turufu. Fundi wa mjini ana vifaa, ana umeme, ana simu ya kuagiza spea Dar es Salaam zikafika kesho yake na basi. Fundi wa Matamba ana spana, nyundo, waya na akili zake.

Jibu utalipata kijiweni. Ukifika, simama hapo kwenye bodaboda, salimia watu vizuri (ukiwa upande wa Iringa na Njombe, "kamwene" inafungua milango mingi), kisha hesabu pikipiki zilizoegeshwa. Aina inayoongoza pale ndiyo ambayo spea zake zinaning'inia kwenye kibanda cha jirani. Ndiyo iliyokwisha kufa na kufufuliwa mara nyingi mbele ya macho ya fundi yule. Kama hujafika huko, mpigie simu mwenyeji akuhesabie.

Jaribio langu kwenye kibanda cha spea ni hili: omba waya wa klachi, klachi pleti na tyubu ya aina unayoitaka. Muuzaji akinyoosha mkono na kuvitoa bila kuuliza zaidi, umepata. Akikuambia "hiyo mpaka Mbeya", umejibiwa.

Mara nyingi orodha itaanza na Boxer ya Bajaj na TVS, halafu Wachina wenye majina yanayojulikana: SanLG, T-Better, Kinglion, Fekon, Haojue. Mimi ningechukua Boxer 150 au TVS HLX, na nisingekosa usingizi kwa kuchagua kati ya hizo mbili. Kijiji cha mwisho ndicho kitakachoamua.

2. Cc 125 mpaka 150, basi

Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walishuka kutoka Scotland mpaka Cape Town wakiwa juu ya BMW R1200GS, wakapita na hapa kwetu Tanzania. Safari ilikuwa nzuri, filamu ikauza. Lakini nyuma yao kulikuwa na magari yaliyobeba spea na wasaidizi, na pikipiki zenyewe zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla ya mizigo. Wewe nyuma yako kuna nani?

Kisa cha safari yao ya kwanza, ya mwaka 2004, ndicho kinachotuhusu zaidi. Walipokuwa Mongolia, pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, ilipata hitilafu kubwa. Ikabidi anunue pikipiki ya Kirusi, IZH Planeta, ya bei ndogo, isiyo na maringo yoyote, akaendelea na safari. Wenyeji waliifahamu, ndizo walizokuwa wakiendesha wao.

Boxer au HLX ina uzito chini ya kilo 140. Ikilala kwenye tope la Kikondo, utainyanyua peke yako. Ikikataa kabisa, vijana wawili wataipandisha kwenye Fuso la viazi na utateremka nayo mpaka Uyole. Jaribu kufanya hivyo na BMW.

Sasa, kwa nini nisiseme cc 100, ambayo ni rahisi zaidi? Kwa sababu ya milima. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini yoyote ya kawaida hupoteza takriban robo ya nguvu zake ukilinganisha na ilivyokuwa Dar es Salaam. Maana yake cc 150 ikifika Kitulo inafanya kazi ya cc 115. Cc 100 yenye abiria na gunia, hesabu mwenyewe. Kwa atakayezunguka Usangu, Iringa vijijini na Mafinga, 125 inamtosha sana. Wa Makete na Kitulo aongeze kidogo afike 150.

Na kama mteremko na mwinuko ndiyo maisha yako ya kila siku, mwambie fundi akufungie sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami, utapata nguvu kwenye mlima. Ni kazi ndogo na haina gharama kubwa.

3. Kabureta, pamoja na kasoro zake

Hapa pana mabishano kijiweni, na wanaobishana wote wana hoja. Pikipiki za mfumo mpya zinapuliza petroli kwa kompyuta. Zina kihisio kinachopima hewa, kwa hiyo ukipanda mlima zinapunguza petroli zenyewe, zinawaka vizuri asubuhi ya baridi na zinakula mafuta kidogo. Kabureta haijui hayo. Yenyewe inapitisha petroli kwenye tundu la jeti, na tundu ni lilelile Kyela na Kitulo. Ukipanda, hewa inapungua lakini petroli haipungui kwa kiasi hicho. Moshi unakuwa mweusi, plagi inashika masizi, injini inakohoa.

Hata hivyo nasema chukua kabureta. Ile ya kompyuta inahitaji pampu ya umeme ndani ya tangi, na pampu inahitaji betri yenye uhai. Betri ikifa kabisa, hata ukiisukuma kuteremka kona zote 57 za barabara ya Chimala (ndiyo maana watu wanaiita Hamsini na Saba) huenda isiwake. Kihisio kikizingua, fundi wa kijijini hana kifaa cha kukisoma. Atabaki anaitazama, nawe unamtazama.

Kabureta ikizingua, inafunguliwa na kupulizwa kwa mdomo. Kama utakaa milimani siku kadhaa, fundi atakurekebishia: kwenye kabureta nyingi unapandisha kibanio cha sindano ngazi moja, sindano yenyewe inashuka na petroli inapungua. Kama sindano haina ngazi, unaweka jeti ndogo zaidi. Ukishuka Kyela, karibu na ziwa, kwenye mita 500 hivi, irudishe ilivyokuwa. Usipoirudisha, injini itapata petroli kidogo kuliko hewa na itachemka vibaya, na joto la Kyela halisaidii.

4. Injini ya kupozwa na upepo, silinda moja

Rejeta ni bomba, maji, feni na mpira wa kupasuka. Huvihitaji.

Ukitaka kujua kwa nini injini za Kichina zimeenea hivi, rudi mwaka 1976. Mwaka huo Honda walitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa nchi ambazo chombo hubebeshwa mzigo kutwa nzima na hukumbukwa kwa oili kwa nadra. Wakaondoa cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na vijiti vya chuma kutoka chini. Kitu kimoja kidogo cha kulegea na kukatika kikawa kimetoka. Viwanda vya China vikainakili injini hiyo kwa wingi, na sehemu ya pikipiki tunazoziona barabarani ni wajukuu wake. Zinatetema, zina kelele za tapeti, hazina haraka. Lakini fundi mwenye seti moja ya spana anaifungua mpaka kwenye krenki na kuirudisha jioni hiyohiyo.

Boxer na TVS zina cheni ya taimingi, nayo si dhambi. Jifunze tu mlio wake. Ikianza kugonga pembeni mwa silinda injini ikiwa imepoa, usisubiri mpaka Mufindi.

5. Isiyo na kiki usinunue

Juni na Julai Makete na Kitulo kuna baridi ya kugandisha umande. Betri ndogo ya pikipiki ikilala nje usiku kucha, asubuhi stata inatoa sauti ya kulalamika tu. Kiki haiulizi betri ina hali gani.

6. Magurudumu: spoku, tyubu, na namba ya tairi

Rimu za aloi, zisizo na spoku, zinapendeza, na kwenye lami hazina tatizo. Ila moja ikigonga jiwe na kupasuka, safari imeisha. Rimu ya spoku ikipinda inanyooshwa chini ya mwembe. Spoku ikikatika unaweka nyingine. Jizoeze kuzigonga spoku kwa bisibisi kila asubuhi: iliyolegea inatoa mlio mzito kuliko wenzake.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa. Boxer nyingi zinavaa rimu za 17, pikipiki nyingine nyingi zinavaa za 18. Hii inaonekana habari ya kijinga mpaka siku uko Madibira, tyubu imechanika, na kibandani zimebaki za saizi nyingine. Rudi kidokezo cha kwanza: saizi iliyozoeleka kwenye njia yako ndiyo saizi yako.

Halafu kuna tope. Udongo mwekundu wa Mufindi unateleza. Udongo mweusi wa tambarare za Usangu ni adui wa namna nyingine: unanata, unajaa kati ya tairi na madigadi ya mbele, gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Chagua pikipiki ambayo nafasi kati ya tairi na madigadi inapitisha vidole vitatu bila taabu, au mwambie fundi ainyanyue madigadi kwa vipande vya chuma. Wengine huing'oa kabisa masika. Sishauri, utakula tope lote usoni.

7. Breki za kawaida, na gia za kushukia

Breki za ndani ya ngoma mbele na nyuma zinatosha. Zimefunikwa, tope haliziingii kirahisi, na breki shuu zake zinapatikana kila mahali. Diski mbele ni nzuri zaidi kwa kusimama ghafla, lakini inataka mafuta ya breki na pampu isiyovuja. Ukiipata kwenye pikipiki ambayo kijijini inajulikana, ichukue.

Breki yoyote utakayokuwa nayo, mlima Kitonga na Hamsini na Saba haziteremkwi kwa breki. Weka gia ya pili au ya tatu, acha injini ikushikilie, breki ziwe za kugusagusa. Kutoa gia ili kuokoa petroli kunachemsha ngoma, na ngoma iliyochemka haishiki.

8. Chesisi ya chuma na keria ya kuchomelea

Kila mji mdogo una mtu wa kuchomelea. Anachomelea mageti, majembe na kitanda cha mzee. Ataichomelea na keria yako. Chuma kinakubali, alumini inakataa mpaka apatikane mtaalamu. Ndiyo maana bomba za chuma za kawaida zinashinda chesisi za kisasa. Weka keria pana nyuma na bampa mbele ya injini, ili pikipiki ikianguka, kanyagio la gia na leva ya klachi zisipinde.

Mizigo mizito iwe chini na karibu na wewe. Watu wa Mafinga wanabeba mbao kwenye pikipiki kwa namna ya kustaajabisha, lakini wamezoea na wanaijua kila kona ya njia yao. Usiwaige.

9. Zile Honda na Yamaha za mradi

Mikoa hii imejaa kumbukumbu za Honda XL 125, Yamaha DT na Yamaha AG za serikali, misheni na miradi. AG ilitengenezwa kwa wakulima: cheni yake imefunikwa kwenye kasha, haioni vumbi wala tope, na ndiyo maana inadumu. Nikiiona moja bado inatembea navua kofia.

Lakini kuinunua leo mnadani ni suala jingine. Yamaha AG100 na DT 125 za zamani ni za mapigo mawili, zinahitaji oili maalumu pamoja na petroli, na fundi kijana aliyekulia kwenye Boxer huenda hajawahi kuzifungua. Spea zake zinatafutwa kwa simu nyingi na subira. Kama una fundi mzee wa misheni anayezijua na sanduku la spea, nunua kwa moyo mweupe. Kama huna, iache imfae mwenye navyo.

10. Ukinunua ya mkononi

Pikipiki iliyopiga bodaboda mwaka mzima imezeeka kuliko inavyoonekana. Spidomita usiiamini; mara nyingi imekufa zamani. Tazama vitu visivyodanganya: vidole vya miguu vimekula mpira wa kanyagio kiasi gani, meno ya sproketi yamechongoka au la, usukani ukiuachia kwenye barabara iliyonyooka pikipiki inavuta upande gani. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Mwenye pikipiki akiiwasha kabla hujafika ili uikute ya moto, ana sababu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi au mpira wa valvu.

Kisha kadi. Namba ya chesisi na namba ya injini zilingane na zilizoandikwa, na uhamishaji wa jina ufanyike TRA kabla ya pesa kwenda zote. Kwa bei ya kutupa na kadi ya "nitakuletea wiki ijayo", ondoka.

11. Spea za kubeba, chache na zenye akili

Waya wa klachi wa akiba usiuweke mfukoni. Mwambie fundi aulaze sambamba na ule unaotumika, aufunge kwa tepu ya umeme, ncha zake zikiwa tayari pale juu na pale chini. Ukikatika njiani, unahamisha ncha tu. Dakika kumi hazifiki.

Vingine ni plagi moja, tyubu mbili, viraka na pampu ya mkono, kiungo cha cheni, balbu ya mbele, fyuzi, chupa ya oili, waya mwembamba wa kufungia, na spana zinazolingana na nati za pikipiki yako, hasa ile ya ekseli ya nyuma ambayo watu husahau. Kama kichujio cha hewa ni cha sponji, una bahati: kinaoshwa kwa sabuni, kinakaushwa, kinapakwa oili kidogo na kurudi kazini. Cha karatasi kikijaa vumbi la Chunya kinataka kingine.

Juu ya spea feki nina neno moja. Kwenye cheni, klachi pleti na beringi, lipa ya bei kubwa. Kwenye vioo na indiketa, chukua chochote.

12. Petroli

Tangi la Boxer 150 ni la lita 11 hivi. Barabara nzuri bila mzigo, lita 1 inaweza kukupa kilomita 40 au zaidi. Ukiwa na mzigo, tope na mlima, panga kwa 30 ili usishangae. Maana yake kwa tangi moja una kilomita 330, ambazo ni karibu umbali wa Iringa mpaka Mbeya. Kwenda Rungwa ongeza kidumu cha lita 5.

Sheli zikiisha, kuna petroli ya chupa kwenye vibanda. Inunue, lakini inyanyue chupa juani uitazame kwanza: maji hukaa chini na mstari unaonekana. Ichuje kwa kitambaa safi. Ikishaingia na injini ikaanza kukata, kabureta ina skrubu ndogo chini ya bakuli lake. Ilegeze, maji yatoke, kaza, endelea. Mwombe muuzaji akuonyeshe ilipo siku hiyohiyo unayonunua pikipiki.

13. Fundi akufundishe kabla hujaondoka

Lipia sevisi kamili na uongeze kidogo ili ushike spana wewe mwenyewe. Mwaga oili, kaza cheni, toa gurudumu la nyuma, ziba pancha, safisha kabureta. Fundi mzuri atakucheka mara mbili tatu na kukuacha ufanye. Asiyetaka ushike chochote, tafuta mwingine.

Beba leseni daraja linalostahili pikipiki yako, bima na kadi. Kofia ngumu iwe ya kukaza kidevuni, na abiria wako awe na yake.

14. Mahali ambapo haitaingia

Pikipiki haziruhusiwi kutembelea wanyama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mikumi unapita kwa sababu barabara kuu inakatiza humo, nawe husimami kupiga picha za tembo. Kwa hiyo ukitoka Iringa kwenda Ruaha, panga kuiacha Tungamalenga kwa mwenyeji unayemwamini, ifunikwe turubai, cheni ipakwe oili. Kuanzia hapo mnachangia gari na wasafiri wengine, na bei yake mnapatana kabla ya kupanda.